Lori likivuka mpaka, haki ya majeruhi haivuki nalo

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

TUNDUMA ni mji unaoishi kwa magurudumu. Shaba kutoka Zambia na Kongo hupita hapa ikielekea bandari ya Dar es Salaam. Mafuta na bidhaa za madukani hupita hapa zikielekea huko. Mahindi na kahawa ya Mbozi, pamoja na mchele wa Kamsamba, navyo huingia katika barabara hiyo hiyo ya Tanzania na Zambia, maarufu kwa jina la TANZAM.

Kandokando ya barabara hiyo ndiko wananchi wanakojitafutia riziki. Kuna mama lishe, wabadilisha fedha, vijana wa bodaboda, wasukuma mikokoteni na wauza matunda wanaopita kati ya malori yaliyo kwenye foleni. Foleni ikisimama ni soko, na ikianza kutembea ni hatari. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kuharakisha uvukaji, lakini malori bado ni mengi na nafasi ya mtembea kwa miguu bado ni ndogo.

Nje ya mji hali haina tofauti kubwa. Mteremko wa Mlima Senjele, wilayani Mbozi, una historia ndefu ya ajali za malori na mabasi madogo. Februari 2019 ajali moja mlimani hapo iliua watu zaidi ya 15.

Ajali haina kinga, kila mtu anajua. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba aliyeumizwa kwa uzembe wa dereva ana haki ya kulipwa fidia hata kama gari lililomgonga limesajiliwa Lusaka au Lubumbashi, na hata kama limekwisha kuvuka mpaka. Halazimiki kulifuata huko. Lakini haki hiyo husimama juu ya karatasi, na nyingi ya karatasi hizo hupatikana kwa urahisi katika siku chache za mwanzo tu.

Faini ya trafiki si fidia

Kosa la kwanza linalowapotezea wengi haki yao ni kuamini kuwa dereva akishafikishwa mahakamani, mambo yamekwisha. Kesi ya trafiki ni kesi ya jinai. Ni Jamhuri dhidi ya dereva. Akikiri kosa na kulipa faini, fedha hizo huingia serikalini. Aliyevunjika mguu hapati hata senti ya faini hiyo.

Fidia ni dai jingine kabisa, la madai, na majeruhi mwenyewe ndiye anayepaswa kulianzisha. Hata hivyo kesi ya trafiki ina faida kubwa kwake. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya kumtia dereva hatiani hutumika kama uthibitisho wa kosa lake katika dai la fidia. Kwa hiyo majeruhi au ndugu zake waulize polisi namba ya kesi, wafuatilie mahakamani, na baada ya hukumu waombe nakala yake. Kesi hizi huweza kumalizika haraka, hasa pale dereva anapokiri siku ya kwanza.

Kosa la pili ni kumalizana barabarani. Dereva mwenye haraka ya kuvuka huchomoa noti chache, majeruhi hupakiwa kwenye bajaji kwenda hospitali, na lori huondoka. Siku hiyo jeraha huonekana dogo. Wiki ya pili mguu unavimba, picha ya eksirei inaonyesha ufa kwenye mfupa, na namba ya lori hakuna aliyeiandika.

Si vibaya kupokea msaada wa matibabu kutoka kwa dereva au tajiri wake. Ubaya ni kutia saini karatasi inayosema "nimeridhika na sina madai tena" kabla daktari hajaeleza ukubwa wa jeraha.

Nani hasa anayelipa?

Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, hakuna gari wala pikipiki inayoruhusiwa kutembea barabarani bila angalau bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari. Iliwekwa kwa ajili ya yule anayeweza kuumizwa na gari hilo, yaani mpita njia, mwendesha baiskeli, mwenye genge, au abiria anayelipa nauli.

Mwenye kosa ni dereva, na mwajiri wake hubeba kosa hilo kama dereva alikuwa kazini. Lakini mlipaji mara nyingi ni kampuni ya bima. Kampuni inaweza kukubali dai mezani baada ya kupokea nyaraka. Ikikataa, majeruhi humshtaki dereva na mmiliki, na kuiarifu kampuni kwa maandishi kabla ya kufungua kesi. Akishinda, sheria inaitaka kampuni ilipe kile ambacho bima hiyo inapaswa kukilipa.

Yapo maeneo ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapaswa kuwa macho. La kwanza ni kupanda juu ya shehena. Msimu wa mavuno ni jambo la kawaida kuona watu wameketi juu ya magunia kwenye lori linalotoka shambani. Lori la mizigo halikukatiwa bima ya kubeba abiria. Likipinduka, kampuni inaweza kukataa dai la aliyekuwa juu ya magunia, naye akabaki na dereva na tajiri wa gari tu.

La pili linawahusu vijana wa bodaboda. Bima ya mtu wa tatu ya pikipiki haimlipi mwendeshaji aliyesababisha ajali, wala haitengenezi pikipiki yake. Akigongwa na mwingine, bima inayodaiwa ni ya yule aliyemgonga. Na kama naye alichangia kosa, kwa mfano kupita kwa kasi katikati ya malori usiku bila taa, fidia yake hupunguzwa kwa kiasi cha mchango wake.

Kadi ya Njano, ufunguo wa mpakani

Kwa watu wa Tunduma swali kubwa ni magari ya nje. Jibu lake ni Kadi ya Njano ya COMESA.

Huu ni mpango wa bima ya magari yanayovuka mipaka, ulioanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki ndani ya mpango wa Kadi ya Njano. Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Malawi, Zimbabwe, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya nazo zimo.

Utaratibu wake ni huu. Mwenye lori wa Zambia hukata bima kwao na kupewa Kadi ya Njano inayotambulika katika nchi atakazopita. Lori lake likimgonga mtu Tunduma, Mlowo au Vwawa, majeruhi hudai hapa hapa Tanzania, kwa sheria za Tanzania. Kila nchi mwanachama ina ofisi ya taifa inayoshughulikia madai ya aina hiyo, na kwa Tanzania ofisi hiyo ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Malipo yakishafanyika, kampuni ya Zambia na ofisi za nchi hizo mbili hurejesheana fedha zenyewe. Majeruhi hahusiki na safari hiyo.

Magari kutoka nchi zisizo wanachama, kama Afrika Kusini, hutakiwa kupata bima inayotambulika hapa nchini ndipo yaruhusiwe kutembea. Nayo pia yana kampuni inayoweza kudaiwa.

Mambo hugeuka mtu akiumia upande wa pili. Mfanyabiashara wa Tunduma aliyevuka kwenda Nakonde kununua bidhaa, akagongwa na gari la Zambia, atadai Zambia, kwa kampuni iliyolikatia gari hilo bima, na kwa sheria za huko. Ripoti ya polisi atakayohitaji ni ya polisi wa Zambia. Kurudi haraka Tunduma kutibiwa bila kutoa taarifa Nakonde ni kuliua dai lake kwa mkono wake mwenyewe.

Mambo ya kuandika kabla lori halijaondoka

Kama majeruhi hana uwezo, kazi hii ni ya ndugu, jirani wa genge au mwenyekiti wa mtaa. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Yanayotakiwa ni haya:

- Namba ya kichwa cha lori na namba ya tela. Hizi ni namba mbili tofauti, na tela huweza kubadilishwa njiani.
- Jina la dereva, namba ya leseni yake, na jina la kampuni lililoandikwa mlangoni.
- Namba ya bima, jina la kampuni ya bima na tarehe ya kuisha. Kwa gari la nje, picha ya Kadi ya Njano yenyewe.
- Picha za eneo, alama za breki, mahali gari liliposimama na mali iliyoharibika.
- Majina na namba za simu za mashahidi wawili au watatu wanaopatikana Tunduma. Utingo na madereva wengine watakuwa wameondoka kesho yake.

Kwa magari ya Tanzania, uhai wa bima unaweza kuhakikiwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), unaojulikana kama TIRA-MIS. Ni vyema kuhakiki mapema, kwa sababu bima bandia na bima zilizokwisha muda zimewahi kuwaacha wengi mikono mitupu.

Polisi wapewe taarifa siku hiyo hiyo. Kutoka kwao majeruhi atahitaji fomu namba 3 ya polisi, maarufu kama PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Mgonjwa aliye mahututi apelekwe kwanza kutibiwa, fomu ifuatwe na ndugu. Baadaye zitahitajika taarifa ya polisi ya ajali, ramani ya eneo la tukio na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kila karatasi itolewe nakala, na karatasi halisi zibaki kwa mwenyewe.

Hospitalini, risiti zote zitunzwe, kuanzia kituo cha afya hadi rufaa ya Mbeya. Matibabu yakimalizika, daktari aombwe ripoti inayoonyesha kama kuna ulemavu wa kudumu na ni wa asilimia ngapi. Asilimia hiyo ina uzito mkubwa katika kupanga kiwango cha malipo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika madai ya fidia, methali hiyo ni karibu sawa na sheria.

Fidia hugawanyika sehemu mbili. Ya kwanza ni hasara inayohesabika, kama gharama za matibabu, nauli, mali iliyoharibika na kipato kilichopotea. Ya pili ni ya maumivu, ulemavu na maisha kuharibika, ambayo hakimu huipima kwa busara yake. Mahakama ya Rufani ilieleza tangu mwaka 1992 kuwa hasara inayohesabika lazima itajwe bayana kwenye madai na ithibitishwe. Kusema tu "nilikuwa napata fedha nyingi" hakutoshi.

Hapo ndipo mkulima na mfanyabiashara mdogo hukwama. Mwenye mshahara ana hati ya malipo ya kila mwezi. Mama anayeuza mchele sokoni ana nini?

Anavyo vingi kuliko anavyodhani. Risiti za ushuru wa soko ni ushahidi kwamba anafanya biashara. Miamala ya fedha kwa simu, ambayo kampuni ya simu inaweza kuitoa kwa miezi iliyopita, huonyesha mzunguko wake. Daftari la mauzo lenye tarehe, hata la kurasa mia, ni ushahidi. Daftari la kikundi cha kuweka na kukopa ni ushahidi. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi, stakabadhi za kupeleka kahawa kwenye chama cha msingi na malipo aliyopokea huonyesha kipato cha msimu hadi msimu.

Chukua mfano, kwa tarakimu za kukisia, wa mama muuza mchele anayebaki na faida ya Sh20,000 kwa siku. Amevunjika mguu na kukaa nyumbani siku 90. Faida iliyopotea ni Sh1,800,000. Matibabu yametumia Sh650,000 na nauli za kwenda kliniki Sh120,000. Amemlipa binti wa kumhudumia Sh5,000 kwa siku kwa siku hizo 90, ambazo ni Sh450,000. Jumla ni Sh3,020,000, na hapo maumivu na kilema bado havijahesabiwa.

Linganisha kiasi hicho na Sh100,000 ambayo dereva angempa kando ya barabara.

Ieleweke kwamba kinachodaiwa ni faida na siyo mauzo. Aliyeuza magunia matano kwa siku hawezi kudai bei ya magunia hayo, kwa sababu na yeye aliyanunua. Madai yaliyotiwa chumvi huwapa kampuni na mahakama sababu ya kutilia shaka hata yale ya kweli.

Kuli, utingo na kibarua wa shambani

Si kila ajali ni ya barabarani. Wapo wanaoangukiwa na magunia wakipakia lori, wanaokatwa na mashine za kukoboa mahindi, na madereva wanaoumia wakiwa safarini kwa kazi ya tajiri. Hawa wana mlango mwingine, nao ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Mfuko huu ulianzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na ulianza kazi Julai 2015. Waajiri wote wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi, hutakiwa kujisajili na kuchangia. Mchango hulipwa na mwajiri mwenyewe, na hairuhusiwi kuukata kwenye ujira wa mfanyakazi. Kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5.

Uzuri wa mlango huu ni kuwa mfanyakazi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu. Inatosha kuonyesha kuwa aliumia kazini na kwa sababu ya kazi. Mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya muda asipoweza kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu, huduma za kumrejesha katika hali ya kujitegemea, na kwa aliyefariki, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa kila mwezi. Hata dereva aliyeajiriwa Tanzania akaumia akiwa njiani Zambia au Kongo kwa kazi ya mwajiri wake wa hapa hapotezi haki hiyo kwa sababu tu ajali ilitokea nje.

Ajali itolewe taarifa mara moja. Mwajiri hutakiwa kuiarifu WCF ndani ya siku saba baada ya kupata habari, na mfanyakazi asisubiri zaidi ya miezi 12 kudai. Kwa kibarua asiye na mkataba wa maandishi, majina ya wenzake aliopakia nao, ujumbe wa simu wa kuitwa kazini na miamala ya malipo vitamsaidia kuonyesha kuwa aliajiriwa.

Mfanyabiashara mdogo mwenye wasaidizi wawili au watatu atazame upande wake pia. Akiwa hajajisajili anavunja sheria, na ajali moja inaweza kumletea mzigo unaozidi thamani ya duka lake.

Kampuni ikipiga danadana

Nyaraka zikikamilika, kampuni ya bima hutakiwa kulipa ndani ya siku 45. Dai lipelekwe kwa barua, na nakala ya mdai igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Simu na ahadi za mdomo hazihesabiki.

Siku zikipita bila jibu, hatua inayofuata ni kuandika malalamiko kwa TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo hupokea malalamiko baada ya kampuni kushindwa kuyamaliza, bila kumtoza mlalamikaji.

Mlango wa mwisho ni mahakama. Hapa saa inatembea. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka mitatu tangu siku ya ajali. Barua za kuombana subira na kampuni hazisimamishi saa hiyo. Wapo wanaozungushwa "njoo mwezi ujao" mpaka miaka mitatu inakatika, kisha kampuni inanyamaza.

Kama gari ni la Serikali au la halmashauri, ipo hatua ya ziada. Lazima kutoa kwanza notisi ya siku 90, huku nakala ikipelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo kesi ifunguliwe Mahakama Kuu.

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika halmashauri. Ofisi ya ustawi wa jamii wilayani inaweza kumwelekeza.

Jihadhari na vishoka

Penye fidia hapakosi vishoka. Hawa hufika wodini mapema kuliko ndugu, wakijitambulisha kuwa wanawajua watu wa bima. Huchukua PF3 halisi na risiti, humsainisha majeruhi karatasi asizozisoma, na malipo yakitoka humpa kiasi wanachotaka wao.

Kinga yake ni rahisi. Karatasi halisi zisitoke mkononi. Wakili aombwe kuonyesha leseni ya mwaka husika, na makubaliano ya malipo yake yaandikwe. Fedha za fidia zilipwe kwenye akaunti ya majeruhi mwenyewe.

Na ile hati ya mwisho ambayo kampuni humtaka mdai asaini kabla ya kulipwa isomwe neno kwa neno, na asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini. Saini hiyo hufunga dai moja kwa moja. Mfupa ukikataa kuunga mwaka unaofuata, hakuna pa kurudi.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, mwili ndio mtaji wa kwanza. Shamba likikosa mvua msimu huu, mwakani litalimwa tena. Mguu uliovunjika ukiachwa bila fidia hula mbegu, hula ng'ombe wa kulimia, na mwisho hula ada ya watoto. Daftari la mauzo, picha ya namba ya lori na nakala ya PF3 ni vitu vidogo ambavyo, vikitunzwa, vinaweza kulizuia hilo.